Alteneta ya Gari la Wagonjwa

Mama yangu hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa sababu ya gari lile. Lilikuwa pikapu kuukuu ya dizeli. Rangi yake ya bluu ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari mpaka milango ikachora ramani za nchi zisizokuwapo, na kila asubuhi lilitaka kusukumwa ndipo likubali kuwaka. Majirani zetu wa Mtwara walishazoea. Wakisikia mlango wetu wa mabati ukilia, walitoka wenyewe, kanga kiunoni, mswaki mdomoni, wakaegemeza mabega yao nyuma ya gari. Mama aliwashukuru kila siku. Samahani hakusema hata siku moja.

"Gari ni langu," aliniambia. "Kama kuna aibu, nayo ni yangu. Sina haja ya kumgawia mtu."

Lakini gari lilikuwa la baba, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Baba alikuwa mtu wa matangazo. Juu ya pikapu alifunga spika mbili zenye midomo iliyofunguka kama maua ya maboga, ndani akaweka amplifaya iliyokula umeme wa betri ya gari. Alizunguka mji na vijiji akitangaza mechi za mpira, siku za kununua korosho, misiba, mikutano ya wazazi, chanjo za watoto. Watu wa vijijini walimjua kwa sauti kuliko kwa sura. Alifariki nilipokuwa kidato cha tano. Mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hapaki hina, hagusi manukato. Siku iliyofuata kumalizika kwa eda alioga, akavaa, akachukua ufunguo uliokuwa umening'inia msumarini muda wote huo, akakaa kwenye usukani. Alikuwa amejifunza kuendesha kwa kumtazama baba miaka kumi na minane. Mimi nikashika maiki.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika. Watu huniuliza siku hizi ni vitabu gani vilivyonifundisha sentensi, nami hujibu kwa majina wanayotarajia kuyasikia. Ukweli ni kwamba nilifundishwa na daftari la matangazo. Sentensi ilitakiwa imalizike kabla gari halijampita mtu aliyesimama mlangoni. Ukiweka neno moja la mapambo, mtu yule anasikia mapambo, hasikii siku ya chanjo.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, hakutupinga mwanzoni. Alikaa pembeni akingoja gari limwumbue mama. Gari halikumchelewesha. Kabla mwaka haujaisha tulikwama Mahurunga, kijiji kilicho karibu na mto Ruvuma, tukiwa tumetangaza asubuhi nzima. Amplifaya ilikuwa imeinyonya betri mpaka ufunguo ukizungushwa hakuna kilichosikika ila mlio mdogo, tiki, kama mtu anayevunja kucha. Wanawake wa kijiji wakaja kusukuma. Mmoja wao, mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa na banda la kuonyesha video, akasimama mbele ya dirisha letu.

"Dada," alimwambia mama, "hili gari lenu nalo ntoto? Kila likija linataka kubebwa?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, akasema, "Ntoto, ndiyo. Litakuja kutembea." Lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona vidole vyake vilivyokamata usukani vimekuwa vyeupe kwenye maungio.

Kicheko kile kilifika mjini kabla yetu. Wiki ile ile baba mdogo alikuja nyumbani na mwanamume mmoja kutoka huko huko Mahurunga. Alikuwa na kinu cha kusaga mihogo kilichoharibika mashine, akataka injini ya pikapu yetu akaifunge kinuni. Bodi, alisema, tungeweza kubaki nayo tukafugie kuku.

"Shemeji," baba mdogo alianza kwa upole, "chombo cha marehemu kisigeuke kichekesho. Tangu lini mwanamke anahangaika na madizeli? Watu wanasema."

"Wanasema nini, shemeji?"

"Wanasema gari la kaka yangu linaendeshwa kwa mabega ya wanawake."

Mama alimmiminia mgeni chai, akamsogezea sahani ya mihogo. Kisha akakaa mkekani, akakunja miguu.

"Wiki ijayo nina kazi ya kutangaza chanjo," akasema. "Nitatoka hapa, nitapita Madimba, nitafika Mahurunga na kurudi, spika zikisema njia nzima. Likisukumwa hata hatua moja, njooni na spana zenu mkaing'oe hiyo injini. Lisiposukumwa, neno la kuuza lisirudi ndani ya nyumba hii."

Mwenye kinu akatazama chini ili asionekane anatabasamu. Baba mdogo hakujisumbua kuficha.

"Nitakungoja Mahurunga," akasema. "Mbele ya msikiti. Kila mtu aone."

Walipoondoka nilimwuliza mama kwa nini ameliweka gari rehani kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa akikusanya vikombe. "Kwa sababu wangelichukua hivi hivi," alisema, "taratibu, kwa huruma. Mimi nataka waje kulichukua kwa nguvu, nione kama wataweza."

Kesho yake tulikwenda kwa fundi umeme wa magari, mzee kidogo, mtu wa bara aliyeletwa Mtwara na kazi ya bandarini na akabaki baada ya kazi kwisha. Alifungua boneti, akatazama, akaitazama na amplifaya, kisha akafuta mikono kana kwamba kazi imekwisha.

"Mama, betri yako nzima. Tatizo ni huyu mpishi." Akaigonga alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, kwa bisibisi. "Hii inapika chakula cha watu wawili: taa za mbele na waipa. Ninyi mmealika harusi nzima mkaiweka juu ya paa. Kila mkitangaza mnakula akiba ya betri, na akiba haina mtu wa kuirudisha."

"Kwa hiyo nitangaze kidogo?" mama aliuliza.

"Wengine wangekuambia hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuambia utafute mpishi mkubwa."

Nyuma ya karakana yake kulikuwa na mabaki ya gari la wagonjwa, limekaa juu ya mawe, majani yameota hadi kwenye machela. Fundi aliingiza mkono kwenye injini yake iliyokufa, akatoka na alteneta nzito kama nanasi la chuma. Ile ya zamani ilikuwa ya ampea thelathini na tano. Hii, alisema, ilikuwa ya themanini, kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa na taa ya juu, king'ora, feni na taa za ndani, na halikuruhusiwa kuzimika njiani. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaipima uzito. Jioni ile baiskeli ya baba ilihamia kwa fundi kuwa malipo yake. Baba mdogo alikuwa ameshaitolea macho baiskeli ile pia, na nadhani mama alifurahi maradufu.

Kazi ilichukua siku mbili. Masikio ya alteneta mpya, pale boliti zinapoingia, hayakulingana na ya zamani, kwa hiyo fundi alichomelea breketi, yaani chuma cha kuishikilia kwenye injini. Alitafuta mkanda mrefu zaidi. Waya wa zamani uliokwenda kwenye betri aliutupa.

"Huu ni mrija wa soda," alisema. "Unataka kupitisha humu maji ya Ruvuma? Utaungua." Akaweka kebo nene kama kidole gumba. Kisha akanigeukia, maana nilikuwa nikiandika kila kitu kwenye daftari langu. "Andika na hili, binti. Umeme unakwenda kwa waya, unarudi kwa chuma. Injini, bodi, breketi, hivyo vyote ni njia yake ya kurudi nyumbani. Ukiunyima njia ya kurudi, hautoki kabisa."

Niliandika. Niliona ni sentensi nzuri. Sikuona kwamba ni maelekezo.

Tulilijaribu gari pale karakana. Mama alipofungua ufunguo, taa nyekundu yenye picha ya betri iliwaka mbele yake. Injini ilipounguruma, taa ikazimika. Spika zikafunguliwa mpaka mwisho, taa za mbele zikawashwa mchana kweupe, na gari halikusita. Mama alipiga honi bila sababu. Fundi akasema limebaki jambo moja dogo: breketi ilikuwa chuma kitupu, na kwa chumvi ya Mtwara ingeota kutu mapema, kwa hiyo tuifungue, tuipake rangi, tuirudishe wenyewe. Yeye alikuwa amepata msiba kwao na basi lake lilikuwa linaondoka alfajiri ya kesho yake.

Hapo ndipo tulipofanya kosa, na nalisimulia kwa sababu sidhani kwamba mtu wa bara angeweza kulifanya.

Upande wa mama ni watu wa pwani ya Mnazi Bay, mafundi wa mashua. Kwao hakuna rangi inayoaminiwa kushinda mafuta ya maganda ya korosho: yale meusi, mazito, yanayochuruzika ganda likichomwa, yanayobabua ngozi na kuua mdudu wa mbao. Ukiyapaka na kuyaacha juani yanakauka yakawa ngozi ngumu inayong'aa, na hapo maji hayapiti. Na sheria yao ya kupaka ni moja: anza na maungio. Ubavu wa mashua unaweza kungoja, ila pale mbao mbili zinapokutana ndipo bahari inapoingilia. Mtoto wa nyumba ile anajua hivyo kabla hajajua kuogelea.

Kwa hiyo niliipaka breketi kama mjukuu wa mafundi wa mashua. Nilianza na mahali chuma kinapokutana na chuma. Nilipaka matundu ya boliti, nikapaka boliti zenyewe, nikapaka masikio ya alteneta. Tone moja liliniangukia kifundoni, likaunguza, na alama yake ninayo mpaka leo, nyeusi, yenye umbo la kunde. Mama alikagua kazi yangu juani, akapitisha kucha juu yake.

"Babu yako angelala usingizi," alisema.

Tulifunga kila kitu, tukakaza. Siku ya safari ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa nimeazimia kuitazama taa nyekundu njia nzima. Haikuwaka hata kidogo. Nilimwambia mama kwa furaha, naye akapiga dashibodi kofi la upendo. Betri ilikuwa imejaa kutoka karakana, gari likawaka lenyewe bila bega la mtu, na majirani waliokwisha toka na miswaki yao wakabaki wamesimama barabarani kama watu walioachwa na sherehe.

"Tumefukuzwa kazi!" mmoja akapiga kelele.

Madimba ya wakati ule, kabla mitambo ya gesi haijafika, ilikuwa mikorosho, mihogo na mchanga. Nilitangaza nikiwa na sauti mpya. "Wazazi na walezi, kesho Jumamosi, zahanati, watoto wote chini ya miaka mitano." Kina mama waliokuwa wakianika makopa ya mihogo waliinua vichwa. Mchanga ulikuwa mwingi, mama akibadilisha gia kwa kisigino cha kiganja, nami nilijiona tumekwisha shinda.

Karibu na Mahurunga sauti yangu ilianza kuzeeka. Kwanza ikapoteza ncha, kisha ikawa ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Mama alinitazama. Tulifika msikitini wakati adhana ya Ijumaa imeanza, na mbele ya adhana hakuna tangazo: mama alizima spika, akazima na injini, kwa adabu. Baba mdogo alikuwepo kibarazani, kanzu nyeupe, pamoja na mwenye kinu. Alitupungia mkono, akaingia kuswali.

Walipotoka, mama alizungusha ufunguo.

Tiki.

Sijui habari huwa inasafiri vipi Mahurunga, lakini kabla baba mdogo hajamaliza kuvaa viatu vyake wanawake walishafika, na mbele yao yule mwenye banda la video.

"Ntoto wetu kaja!" akacheka. "Haya jamani, mabega!"

Walikuja kwa wema. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mikono ishirini ilikuwa inakaribia bodi, na mkono wowote kati ya hiyo ungetunyang'anya gari. Mama aliruka nje, akakimbia nyuma, akatandaza mikono yake yote miwili juu ya ule mlango wa nyuma wa pikapu.

"Mtu asiliguse!"

Kicheko kikakatika. Sikuwahi kumsikia mama akipaza sauti namna ile, hata msibani.

"Dada, tunakusaidia," mwenye banda akasema.

"Najua. Mkilisukuma, yule pale ataondoka na injini. Nimeapa. Mtu asiliguse."

Wote wakamgeukia baba mdogo. Yeye alikunjua mikono. "Ni maneno yake mwenyewe, si yangu. Shemeji, jua ni kali. Waache wasukume, tuyamalize."

"Jua silioni," mama akajibu.

Alifungua boneti. Nilisimama kando yake, na pale, huku nikitazama breketi yangu nyeusi inayong'aa, nilisikia sentensi ya fundi ikisomwa kwa sauti yangu mwenyewe kutoka kwenye daftari. Unarudi kwa chuma. Nikamwambia mama kwa kunong'ona kwamba taa nyekundu haikuzimika leo.

"Haikuwaka," akanisahihisha.

"Ndiyo. Haikuwaka kabisa. Kule karakana taa iliwaka kwanza, ndipo ikazimika. Mama, nimeifunga njia. Nimeipaka korosho."

Alipitisha kucha juu ya breketi, kama siku ile, na nikaona akielewa: mafuta yale yalikuwa yameuzuia umeme kama yanavyoizuia bahari. Alteneta ilikuwa imekaa pale safari nzima, yenye nguvu zote za gari la wagonjwa, haikugusana na injini hata kwa unywele.

"Tumepaka," alisema. "Usijisifu peke yako. Lete kisu na spana."

Tulifungua boliti tatu. Mama alikwangua breketi, mimi nikakwangua masikio ya alteneta kwa mchanga na kitambaa, na mwenye banda, bila kuombwa, akachukua boliti akawa anazisugua kwenye ngazi ya saruji ya msikiti huku akiuliza zinasuguliwa kwa nini. Chuma kikaanza kuonekana, cheupe. Baba mdogo alisogea karibu.

"Hata mkikwangua mpaka kesho, betri imekufa. Litawakaje bila kusukumwa?"

Mwenye banda akasimama. "Mimi nina betri ya video."

"Hiyo si haki!" akasema mwenye kinu. "Kuazima betri ni kusukuma kwa njia nyingine."

"Nilisema kusukumwa," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Ulikuwepo, ulikuwa unakula mihogo yangu. Ungetaka nisiazime, ungesema."

Wanawake wakashangilia. Betri ililetwa kwa toroli. Tulipounganisha waya na mama kufungua ufunguo, taa nyekundu iliwaka, na sijawahi kufurahia hatari kiasi kile. Injini ikashika. Taa ikazimika. Betri ya video ikarudi kwenye toroli lake, na mama akanipa maiki.

Tulizunguka Mahurunga saa nzima na zaidi, mpaka upande wa mashamba yanayoshuka mtoni, spika zikiwa zimefunguliwa zote, taa za mbele zikiwaka juani kwa makusudi. Sauti yangu haikuzeeka tena. Nadhani ng'ambo, Msumbiji, walijua siku ya chanjo yetu. Kisha mama akalirudisha gari mbele ya msikiti, palipokuwa pamejaa watu kuliko wakati wa swala, akasimama mbele ya baba mdogo. Ningemshauri aondoke. Gari lilikuwa linaunguruma, barabara ilikuwa wazi, masharti yalikuwa yametimia.

Akazima injini.

Akang'oa ufunguo, akatoa mkono nje ya dirisha, akaunyanyua kila mtu auone. Nilisikia bati la boneti likilialia kwa joto. Mama hakuwa na haraka. Alirekebisha ushungi wake kwenye kioo, akarudisha ufunguo mahali pake, akazungusha.

Liliwaka kabla hajamaliza kuzungusha.

Kelele zilizopigwa pale siwezi kuziandika, na nimejaribu. Mwenye banda aliipiga bodi kofi. "Ntoto katembea!" alilia. "Jamani, ntoto katembea!" Mwenye kinu aliondoka na baiskeli yake bila kumuaga mtu. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja amepakiwa nyuma ya baiskeli hiyo hiyo, alibaki amesimama na kanzu yake.

"Shemeji unarudi mjini?" mama akamwuliza.

Akajikohoza. "Kama nafasi ipo."

"Mbele tuko wawili na amplifaya. Nyuma ipo."

Akapanda nyuma, akakaa chini ya zile spika, akiwa ameshika kofia. Tulipotoka kijijini mama aliniambia niandike tangazo jipya. Nikafungua daftari juu ya goti, herufi zikirukaruka na mashimo. Alinipa maneno, nikampunguzia mawili, akakubali.

"Soma."

"Mama, hapa hakuna watu. Ni mikorosho mitupu."

"Yupo mmoja nyuma. Fungua mpaka mwisho."

Nikafungua mpaka mwisho. Nikasoma, polepole, kama tunavyosoma misiba, ili lisipotee neno: "Gari hili haliuzwi." Nikalirudia Madimba, nikalirudia tulipoanza kuziona taa za mji, na kila nilipomaliza mama alitazama dashibodi, mahali pa ile taa nyekundu, palipokuwa na giza dogo la duara, akakanyaga mafuta.